Pigo Moja, Teremsha

Nilirudi kutoka shule jua likiwa limeshaegemea paa la jirani. Kabla sijaweka chini madaftari ya wanafunzi wangu, mume wangu alishanitia kazini. Alitaka nimshikie mnyororo wa winchi. Dakika kumi tu, alisema, tushushe injini na giaboksi kabla ya giza.

Mume wangu ni fundi wa magari, na gereji yake ni ua wetu, kati ya jiko na kamba ya nguo. Tangu alipopasuliwa koo hana sauti. Huongea kwa mnong'ono. Kwa hiyo akiwa chini ya gari hugonga chesisi kwa spana. Pigo moja, teremsha. Mawili, simama. Matatu, pandisha. Miaka kumi na miwili hatujakosea. Majirani hututania kwamba hata ugomvi wetu ni wa kugonga.

Pikapu tuliyokuwa tukiifungua ililetwa juzi yake. Mwenyewe alitaka injini itolewe pamoja na giaboksi, vitupwe, afungiwe vingine. Mume wangu aliiwasha akashangaa, maana ilinguruma vizuri. Akauliza ina kasoro gani. Yule bwana alitazama pembeni, akasema itoe tu.

Basi tulikuwa tumeiinua gari juu ya magogo. Oili ilishamwagwa, nyaya zilishachomolewa, kila waya una kikaratasi chenye mwandiko wangu. Injini ilining'inia kwenye mnyororo. Mume wangu akalegeza nati ya mwisho, akanipa vifaa vyake nimwekee juu, akajilaza chini kuielekeza giaboksi isinase.

Nikasubiri.

Ko.

Nikavuta mnyororo. Injini ikashuka kidogo.

Ko.

Nikashusha tena. Pakanijia harufu ya sabuni, kama nguo mbichi iliyoanikwa karibu na uso wangu. Nikageuka. Kamba ilikuwa tupu.

Ko.

Mapigo yalikuja taratibu, kwa nafasi sawa. Mume wangu hagongi hivyo. Yeye ana haraka... hugonga kama mtu anayedai deni mlangoni. Nilijiambia amechoka. Nikashusha.

Ndipo nikaiona spana yake ya kugongea.

Ilikuwa juu ya bodi, kando ya kiwiko changu, palepale nilipoiweka. Nikaitazama. Haikusogea.

Ko.

 Nikainama, nikachungulia chini ya gari.

Giaboksi ilikuwa imemlalia kifuani. Mikono yake yote miwili ilikuwa ikiisukuma juu. Macho yake yalinikodolea, yakiniuliza jambo moja tu: kwa nini? Mdomo ulikuwa wazi, lakini ule mnong'ono haukuwa na pumzi ya kuutoa nje.

Ko, ile sauti ikagonga juu yangu. Ko. Ko ko ko...

Haikuwa tena na subira.

Niliushika mnyororo nikapandisha. Nilipandisha huku nahesabu kwa sauti, kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza, moja, mbili, tatu, ili nisisikie kingine. Nilipofika kumi na tisa, alijiburuta akatoka.

Mbavu mbili zilikuwa na ufa.

Mwenye gari alikuja asubuhi. Sikumfokea. Nilimpa kiti, nikamsubiri, kama ninavyomsubiri mtoto aliyevunja kitu. Mwisho akasema. Injini ile aliinunua ikiwa imetumika. Fundi aliyekuwa akiifunga alifia chini yake, jioni, nyumbani kwake. Mkewe, aliyeitwa kutoka kwenye beseni la kufulia, ndiye aliyekuwa kwenye mnyororo. Mwanamke yule aliapa kwamba mumewe alimwambia ateremshe, na hakuna aliyemwamini. Hakumaliza mwezi, naye akamfuata.

Nilimweleza mume wangu yote, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nilidhani angenicheka. Badala yake akanivuta karibu.

"Mwalimu," akanong'ona, "jana ulimwita nani akusaidie?"

Nikamwambia sikumwita mtu.

"Mle chini naona miguu tu," akasema. "Niliona viatu vyako vya shule. Na pembeni yake miguu ya mwanamke, peku, imelowa. Nikajua umempata jirani, mnavuta pamoja."

 Nilikuwa nakumbuka jinsi mnyororo ulivyokuwa mwepesi wakati wa kushusha. Lakini pia nakumbuka kwamba wakati wa kupandisha ulikuwa mwepesi vilevile, na mimi peke yangu sina nguvu hizo. Sijui mwanamke yule alikuja kufanya nini uani kwangu. Huenda hata yeye hajui.

Mbavu zimepona sasa. Gari bado iko juu ya magogo, injini inaning'inia, na haiwezi kutoka uani hadi tuimalize. Nimezunguka mtaa mzima kutafuta mtu mwingine wa kushika mnyororo. Habari zimefika kabla yangu. Kila mlango una udhuru wake.

Kesho tutaimaliza wenyewe, mchana kweupe. Tumeacha mambo ya kugonga. Atanivuta kwa kamba nitakayojifunga kwenye kifundo cha mguu. Jioni hii alinifundisha mivuto yake, nami nikairudia mpaka akaridhika. Kisha nikampa na mimi somo langu, moja tu.

"Kabla hujaivuta kamba," nilimwambia, "hesabu miguu."