Kitambaa Cheupe Dirishani kwa Mwokaji

Soko lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo na vikapu vyao, na langoni fundi cherehani mmoja alikuwa amepanda kigoda anafunga kitambaa cheupe kwenye nguzo. Kigoda kikayumba. Akatafuta pa kukanyaga, mguu ukatua ndani ya kreti ya mikate.

“Dada, hiyo ni mikate, si ngazi,” mwenye kreti akasema.

“Samahani, kaka. Nimeharibu mingi?”

“Iliyokanyagwa na mguu mzuri namna hii naipandisha bei.”

Maneno ya kizembe, najua, lakini mwanamke alicheka, na akishacheka mtu kazi nusu imekwisha. Alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kwa sababu alilishona mwenyewe, na sindano alizozisahau zilikuwa bado zimechomekwa kwenye kola. Mwokaji yeye alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, jeupe kupita kiasi kwa mtu anayeshinda na moto. Hapo ndipo angemshtukia. Lakini nani humchunguza mtu anayemchekesha?

“Na hicho kitambaa, mnatangaza amani?”

“Tunapima hewa. Mama yangu ana pumu, na wenzangu wa kamati ya mtaa kila mmoja ana mtu anayekohoa nyumbani. Kitambaa kinakaa nje wiki nzima. Jumapili tunavileta vyote kikaoni, na palipo na cheusi tunamfuata mwenye moshi.”

“Mnampiga?”

“Tunamwaibisha. Inauma zaidi.”

Na kweli iliuma. Watu wa gereji walikuwa wameacha kuchoma matairi. Waliozoea kuwasha taka mbele ya milango yao walikuwa sasa wanazibeba hadi dampo, wananung’unika njia nzima. Kamati haikuwa na chochote zaidi ya vitambaa na midomo, lakini midomo yenyewe ilikuwa ya akina mama, na watoto wa mtaa walianza kulala usiku bila kuketishwa ili wapate pumzi.

Simu zikaanza.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula mkate wako. Umejaa hewa tupu.”

“Si ndiyo kazi yako, hewa? Nikupikie nini tena?”

Jumapili mwokaji akawa anamshikia kigoda kutoka nguzo hadi nguzo, wambea wakipata cha kusema. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakusema kikohozi kitakuwa cha nani.

Siku moja mwanamke akasimamisha kigoda chini ya dirisha la mwokaji mwenyewe.

“Na hapa nafunga kimoja. Sitaki waseme nakupendelea.”

“Kikitoka cheusi je?”

“Mwenye kitambaa cheusi hanioi,” akasema, akamfinya pua.

Ulikuwa utani mtupu wa mtu aliyekwisha kuamua moyoni. Mwanamume akauchukua kama hukumu. Tanuri lake lilikuwa uani, na lilikula oili chafu ya gereji pamoja na mbao chakavu zenye rangi, kwa kuwa hizo zilikuwa rahisi. La gesi angelinunua baada ya harusi, ndivyo alivyojiambia. Wiki ilipoisha, kitambaa chake kilikuwa kama sehemu ya chini ya sufuria. Akakitupa motoni kabla mpenzi hajafika, akafunga kipya, akakipaka vumbi kidogo ili kionekane kimefanya kazi.

Kikaoni kitambaa kile kilipigiwa makofi. Mwongo akishapigiwa makofi amekwisha. Kila Jumapili alfajiri akakibadilisha.

Kisha mashine ya kusaga ikafunguliwa ubavuni mwa chumba cha mama wa fundi, na vumbi la unga likamtesa. Jirani na mwokaji kulikuwa na chumba kitupu. Fundi akampigia simu mpenzi wake kwa furaha.

“Mama anahamia kwenu. Kitambaa cha hapo ndicho cheupe kuliko vyote.”

“Kile chumba kina joto sana, mpenzi.”

“Mama anapenda joto.”

“Na ni kidogo.”

“Sema tu hutaki mama mkwe akuchunge.”

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yake, hata kuusukuma hakuhitaji.

“Nani kasema?” akajibu. “Aje.”

Mama akaja na godoro lake, dawa yake ya kuvuta, na paka wa kijivu aliyekaa naye tangu mumewe afariki. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, na mwokaji alimpenda, hilo simnyimi.

“Mkwe, mkate wako unanukia vizuri,” akamwambia. “Ila chini yake kuna kitu kingine kinanukia.”

“Ni hamira, mama.”

“Hamira naijua tangu baba yako hajazaliwa.”

Kifua kikaanza kumbana kila asubuhi. Binti yake, akidhani ni vumbi, akatupa godoro, akanunua jipya. Akashusha mapazia. Akafua hadi kamba ya nguo. Mama akaketi kitandani, mabega juu, akisema maneno machache machache kama anayeyanunua.

“Ni moshi. Naamka nao mdomoni.”

“Mama, ungekuwa moshi kitambaa kingeonyesha. Kitambaa hakidanganyi.”

“Na mimi nadanganya?”

Binti hakujibu. Alimgeukia paka. Ni manyoya, akasema, lazima ni manyoya. Mama akamkumbatia paka wake na kukataa, na binti akamwita mwokaji aje amsaidie kumshawishi.

Mwokaji alisimama mlangoni akijua anachokijua. Mama alikuwa anamtazama amtetee. Akasema, “Mama, ni kwa ajili ya afya yako,” akamtia paka kwenye kreti ya mikate, akaenda kumwacha mbali ili asiweze kurudi. Mama alilia bila sauti kwa sababu pumzi ya kulilia hakuwa nayo.

Asubuhi moja midomo yake ikageuka rangi. Mwokaji alimbeba mgongoni akakimbia naye hadi barabarani, na huko hospitali hakubanduka kitandani kwake. Tanuri aliwaachia wasaidizi. Alimfuta uso, alimshika mkono, alimlisha uji kwa kijiko.

“Nenda ukapumzike, mpenzi,” fundi akamwambia.

“Siendi popote.”

Fundi hakuwahi kumpenda kama alivyompenda hapo. Na hapo ndipo mwokaji alipojipalia makaa, kwa tendo jema pekee alilofanya.

Jumapili ikafika akiwa bado hospitalini. Fundi akaenda nyumbani kumchukulia mama nguo za kubadili, na alipokuwa anafungua mlango akainua macho kwenye dirisha la mwokaji. Kitambaa kilikuwa cheusi. Akakivuta, akakisugua kwa kidole, akanusa oili. Akapiga simu.

“Kitambaa chako kimekuwaje?”

Alisikia kijiko kikiwekwa kwenye bakuli la uji.

“Nakuuliza.”

“Wiki hii sikuwepo,” mwokaji akasema.

Ilimchukua muda kuelewa, kisha akaelewa yote kwa mara moja, akaketi chini palepale uani.

“Wiki nyingine ulikuwepo.”

“Nilikuwepo.”

“Na paka?”

“Nilijua siye.”

“Kwa nini, jamani? Kwa nini?”

“Ulisema mwenye kitambaa cheusi hakuoi.”

“Nilikuwa nakutania.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Ningeolewa na wewe na masizi yako yote. Ningekushonea shati jeusi, basi.”

Mwanamume alilia kwenye simu. Yeye hakuwa na nafasi ya kumsikiliza.

“Mwekee mama simu sikioni.”

Akaiweka.

“Mama, ulikuwa unasema kweli. Ni moshi. Mama, nisamehe, nilikiamini kitambaa nikakuacha wewe.”

Upande wa pili ulisikika mvumo wa mashine ya oksijeni tu. Kama mama alisikia, hata mimi ninayewajua hawa watu hadi mifukoni sijui. Fundi alipofika hospitali, shuka lilikuwa limekwisha kuvutwa hadi juu, na mwokaji alikuwa bado ameshika mkono uliokuwa chini yake.

Baada ya mazishi mwokaji alichukua nyundo akalibomoa tanuri mwenyewe, tofali kwa tofali, na la gesi likaja. Alikwenda kumtafuta paka asimwone. Alimpigia fundi simu hazikupokelewa, akatuma ujumbe haukujibiwa. Mtaa ukapumua vizuri kuliko zamani zote, nao haukumshukuru.

Fundi hakuacha kamati. Jumapili moja alifika na kigoda, akafunga kitambaa dirishani kwa mwokaji kama anavyofunga kwa mtu yeyote, akaondoka bila salamu. Jumapili iliyofuata akarudi kukichukua. Mwokaji alikuwa anamsubiri nje, amevaa shati ambalo halikupigwa pasi, na pete mfukoni.

“Cheupe,” akasema. “Sijakigusa. Waulize majirani.”

“Naona.”

“Ni cheupe kweli safari hii.”

Mwanamke alikifungua, akakigeuza pande zote mbili kwenye mwanga, kisha akakikunja vizuri. Aliangalia dirisha la chumba cha jirani, ambalo sasa lilikuwa wazi.

“Mama angelala vizuri hapa,” akasema.

Akabeba kigoda chake hadi nyumba ya pili, akapanda. Kigoda kikayumba. Mwokaji akapiga hatua kwenda kukishika.

“Acha,” akamwambia bila kugeuka.