Kompyuta Iliyofunikwa Shuka

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyekunja pindo kama yeye. Ulimi wake nao ulikata kuliko mkasi. Ukimpelekea suruali inayobana, alikuuliza, "Suruali imepungua, au wewe umeongezeka?"

Baada ya msiba, utani ulipungua. Binti yake wa pekee alifariki. Aliacha mtoto mdogo wa kike, na kompyuta ya mezani aliyokuwa akichapia kazi za watu. Mama Pindo aliiweka karibu na cherehani. Ndani yake mlikuwa na picha za binti, na wimbo aliomwimbia mtoto wake kabla ya kuugua. Kila jioni bibi na mjukuu waliusikiliza. Mtoto hakukumbuka sura ya mama yake, lakini sauti aliijua.

Kompyuta hiyo haikuzimwa hata siku moja. Wimbo ukiisha, Mama Pindo aliifunika kwa shuka la marehemu, ikiwa bado inawaka.

Mume wake, mchomeleaji wa mageti, alinung'unika. "Mke wangu, hata punda hupumzika."

"Kampumzishe punda wako," alijibu. "Hii iache."

Siku moja alikuja jirani yao, fundi wa kompyuta. Mtaani walimwita Dada Waya. Alifuata gauni lake. Akagusa lile shuka, akashtuka.

"Mama, inachemka! Kwa nini huizimi?"

Mama Pindo akaweka mkasi chini. "Kule hospitali mwanangu alipumua kwa mashine. Madaktari walituita, wakatueleza. Kisha wakaizima. Mwanangu hakuamka. Mimi sizimi mashine."

 Dada Waya alichukua gauni, akaondoka. Baadaye alijuta sana kwamba alinyamaza.

Haukupita muda mrefu. Mchana mmoja Mama Pindo alikuwa uani akianua nguo. Akasikia mjukuu akikohoa.

"Bibi! Shuka la mama linatoa moshi!"

Alikimbia ndani, akalivuta shuka kwa mikono mitupu. Lilikuwa limeshika moto. Viganja vyake viliungua. Mume wake alikuja mbio, akazima kwanza swichi kuu ya umeme, kisha akamwaga mchanga juu ya meza. Moto ukafa, na kompyuta ikafa nao.

Mtoto huyo alizoea kulala mchana chini ya meza ile. Siku hiyo aligoma tu, kwa ukaidi wa watoto. Angelala, ningekuwa naandika habari za msiba wa pili.

Dada Waya aliifungua kompyuta. Ndani mlijaa vumbi na nyuzi za nguo.

"Tazama, Mama. Hii ni feni. Kazi yake ni kupoza mashine. Nyuzi zimeiziba. Ukiongeza shuka juu, joto litapitia wapi?"

"Nilikuwa namfunika mwanangu," alisema Mama Pindo.

"Najua, Mama. Na mimi niliona inachemka, nikanyamaza. Nisamehe."

Aliondoka na diski, yaani kile kifaa kinachotunza kazi zote za kompyuta. Aliporudi, uso wake ulisema kabla ya mdomo.

"Nimeokoa picha chache, na sauti moja fupi. Wimbo umekwenda."

"Umekwenda wapi?" aliuliza mjukuu. 

"Hamkuwa na nakala nyingine?" aliuliza Dada Waya.

"Nakala ya nini? Si wimbo ulikuwa humo?" alisema Mama Pindo.

"Kitu cha thamani hakiwekwi mahali pamoja, Mama. Safari hii nimeweka nakala kwenye flashi, na nyingine iko kwangu."

Aliwaletea kompyuta nyingine iliyotumika. Aliiweka mbali na cherehani, pahali penye hewa. Akawaonya wasiifunike ikiwa inawaka au bado ina joto, na wamwite aisafishe feni mara kwa mara. Lakini Mama Pindo alitikisa kichwa.

"Mwanangu, yote nimeelewa. Ila mkono wangu hauwezi kuizima. Siwezi."

"Basi mkono wako upumzike," alisema Dada Waya. "Kuna programu ya kuizima. Unachagua saa unayotaka. Saa ikikaribia, onyo linatokea kwenye kioo. Unahifadhi kazi yako. Ukiwa hujamaliza, unabofya kuahirisha. Ukiacha, kompyuta inajizima yenyewe."

"Na kazi nisiyohifadhi?"

"Inaweza kupotea. Ndiyo maana kuna onyo. Usilidharau."

"Si ni sawa na kuchomoa waya tu?" aliuliza mume.

"Hapana, Baba. Ukichomoa inapofanya kazi, unaweza kuharibu vilivyomo. Programu inafunga kila kitu kwanza. Ikishazimika kabisa, ndipo unazima swichi ya ukutani."

Mama Pindo aliuliza kwa sauti ndogo, "Na asubuhi?"

"Unabonyeza kitufe. Inaamka."

Jioni ya kwanza onyo likatokea. Mama Pindo alilisoma, viganja vyake vikiwa vimefungwa bandeji. Hakuahirisha. Kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza. Mama Pindo akalia kwa sauti, kama siku ya maziko. Mume wake alikaa naye mpaka akatulia, kisha akazima swichi.

Asubuhi waliiwasha swichi, na mjukuu akabonyeza kitufe. Feni ikavuma. Kioo kikawaka.

"Imeamka, Bibi."

"Nimeona," alisema Mama Pindo. Akaketi. "Bofya ile sauti."

Ilikuwa sauti ya binti yake, akijaribu kinasa sauti kabla ya kuimba. "Inasikika? Mama, hebu punguza redio, inaingia humu. Haya, naanza upya."

Sauti ikaishia hapo.

Mtoto alingoja. "Mbona haimbi?"

"Wimbo uliungua, mjukuu wangu. Bibi alikosea."

"Wewe huujui?"

Mama Pindo aliujua wote, kwa maana yeye ndiye aliyemfundisha binti yake. Tangu msiba hakuwahi kuuimba. Alinyoosha mkono wenye bandeji, akapunguza redio iliyokuwa ikilia karibu na cherehani. Kisha akaanza, kwa sauti iliyokauka, na mjukuu akasogea karibu.