Asumini za Bi Nunu

Haya yalimpata shoga yangu Raisa, Sparkhill, Birmingham, mwaka 2006. Jirani yake mtu mzima, Bi Nunu, alisafiri akamwachia ufunguo na asumini zake za vyunguni, zinazochanua sebuleni hata Desemba.

"Uzitie maji tu, mwanangu. Usichume."

Raisa, mbishi yule, akachuma, akatunga kikuba, akakibana kwenye nywele zake ndefu zenye hina, akaenda nacho harusini.

Kesho yake alipofungua mlango wa Bi Nunu, taa haikuwaka. Akasikia vyungu vikibamizwa ukutani sebuleni, kimoja kimoja. Kisha kimya.

Akaingia. Hakuna mtu. Udongo umeruka mpaka darini, mashina yameng'olewa. Juu ya zulia kilikuwepo kikuba kibichi, kimetungwa kwa nywele ndefu zenye hina.

Akapeleka mkono chini ya mtandio wake. Utosini hapakuwa na nywele. Vidole vilirudi na damu.