Betri Iliyotoka Ngomo

Betri iliyokaa miezi mitano juu ya rafu, tope la Ngomo limeikaukia ubavuni, haina haki ya kuwasha taa. Hii iliwasha. Stanislas aligusisha nyaya za balbu yake ya kupimia, akitegemea kuona giza, na balbu ikawaka pee, asubuhi kweupe, mvua ikipiga mabati ya gereji.

Akatazama nyuma. Siku hiyo ya Jumamosi alikuwa peke yake. "Yesu wangu," alisema, kisha akajicheka. Mtu anayeomba karata ya wastaarabu anaogopa betri?

Karata hiyo, kitambulisho cha serikali ya Wabelgiji, ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Mwaka ule wa hamsini na sita, hapa Bukavu, mtu mweusi mwenye karata hachapwi fimbo, haulizwi usiku anatoka wapi, na mke wake anaitwa Madame. Lakini uipate sasa! Wazungu wa commission lazima waingie nyumbani kwako, wahesabu uma na visu, wachungulie choo, wahakikishe hujaijaza nyumba ndugu wa kijijini. Na mwajiri wako aandike barua.

"Ile camion ya zamani, funga batri ya pili," Patron, mwajiri wake mwenye gereji, alikuwa amemwambia. "Taa kubwa za ukungu zinamaliza nguvu, asubuhi motere haiwaki. Batri ya kwanza iwashe motere, ya pili iwashe taa. Ikifanya kazi, Jumatano commission ikifika kwako, barua yangu itakuwa kwao."

Kwa betri mpya Patron hakutoa hata senti. Alinyoosha kidole kwenye rafu, na betri ya rafuni ilitoka kwenye lori la Aloys, mdogo wake Stanislas, tumbo moja, aliyetumbukia bondeni kwenye mteremko wa Ngomo akitoka Uvira.

Basi Stanislas alifanya kazi, na kazi aliijua, tusimwonee. Alitengeneza sanduku la mbao chini ya mlango wa dereva, akaiweka betri humo. Waya wa hasi akaufunga kwenye chuma cha lori. Waya mnene wa chanya akaupeleka kwenye swichi ya taa, na taa peke yake. Honi hakuigusa. Honi ilikuwa ya betri ya kwanza, na betri ya kwanza alikuwa ameing'oa, iko mezani, haina waya hata mmoja. Akakaza nati ya mwisho.

Pi, pi, pi.

Mara tatu, fupifupi. Hivyo ndivyo Aloys alivyokuwa akipiga honi akirudi nyumbani Kadutu, ili mkewe ateleke chungu. Stanislas alifungua nati haraka, akauvuta waya, akaushika mkononi ukining'inia.

Pi, pi, pi.

Ikaja harufu. Kwanza ya asidi, ile ya yai bovu ambayo fundi yeyote anaijua, halafu chini yake harufu ya udongo mwekundu uliolowa, na ya koti la mtu lililolowa pamoja naye, na pua ya Stanislas ilikuwa imeshafika Ngomo kabla ya akili yake, siku ile ambayo Patron alimteremsha kwa kamba akisema vitu vitoke kwanza, betri, dinamo, magurudumu, maiti haikimbii, naye akatii, akapiga magoti kwenye tope kando ya kabini iliyolala juu ya ndugu yake, akatia spana kwenye nati ya betri, na honi ikalia pi, pi, pi, akajiambia ni nyaya zimegusana, ikalia tena, taratibu zaidi, akazidi kufungua, akautoa waya, na honi ikanyamaza. Jioni mvua ikashusha mlima wote juu ya lori. Hakumwambia mtu.

La kuvunda halina ubani.

Mlango wa gereji ulisukumwa. Alikuwa Adolphine, mjane wa Aloys, anayeuza ndizi soko la Nyawera, hatua chache tu kutoka pale. Amelowa chapachapa, hana viatu.

"Shemeji, Aloys iko wapi?"

"Adolphine, Aloys alikufa."

"Nimesikia kilaksoni yake. Usinifanye mujinga." Akaiona betri, na sauti ikamshuka hadi mnong'ono. "Hatukuzika kitu, Stanislas. Hata kiatu. Nipatie hiyo batri niilaze mu shimo. Tumwite jina, tumwangie kasiksi, apumuzike. Weye ndiye mukubwa wake. Ni weye wa kumwita."

Kumwagia mfu pombe ya ndizi, siku nne kabla ya commission! Na majirani wana midomo.

"Ni batri ya Patron. Atasema nimeiba."

"Basi unijibu kimoja. Ulipoteremuka kule, hakuita?"

"Alikuwa amesha kufa."

"Hakuita?"

"Hakuita."

Adolphine aligeukia mlango. "Muntu mwenye ndugu yake anamukana, hana kwake," alisema. "Atatafuta kwako." Akarudi kwenye ndizi zake.

Stanislas aliurudisha waya. Taa za lori ziliwaka kuliko taa zozote Bukavu, Patron akafurahi, akaandika.

Jumatano saa tisa mzungu wa commission alikuja na daftari. Georgette, mke wa Stanislas, alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Uma zikahesabiwa. Choo kikachunguliwa. Mzungu akafunga kalamu, halafu akaifungua tena, akitazama kiti cha karibu na mlango.

"Na huyu?"

Stanislas hakuona mtu. Alisikia maji yakidondoka sakafuni, to, to, to, na ile harufu.

"Huyu mwenye koti la dereva," mzungu alisema. "Mbona amelowa? Ni ndugu yako? Kama ndugu wanalala hapa, lazima niandike."

Jina lilikuwa mdomoni, amini, lilikuwa limeshafika kwenye meno, na lingetoka lingemfungulia mlango mdogo wake aende zake akalale, lakini meza ilikuwa nyeupe na uma zilikuwa zinang'aa na karata ilikuwa karibu mno, karibu kama kitambaa kile, na Stanislas akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Simujui, Bwana."

"Anafanana na weye."

"Simujui."

Mzungu akaandika, akaaga. Kiti kilibaki na tope jekundu. Georgette alilifuta.

Baada ya wiki mbili karata ilifika, ina picha na muhuri, pamoja na nakala ya ripoti. Stanislas aliisoma kwa sauti, kwa fahari. Mume, mmoja. Mke, mmoja. Watoto, hakuna. Sauti ikamkauka kwenye mstari wa mwisho, akausoma kimoyomoyo: Mpangaji, mmoja, dereva. Si ndugu. Anaishi hapa.

Nje, kwenye uchochoro ambao hata baiskeli haipiti, honi ililia mara tatu.

Jikoni, Georgette aliteleka chungu, akatoa sahani ya tatu.