Visahani Sita Vilivyopaswa Kulala

Fundi wa maabara alikuwa amehesabu nusu ya kisahani cha nne aliposimamisha mkono. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi. Chini ya hadubini, seli za titi la binadamu zilikuwa zimesongamana.

Hizi hazikutiwa kitu. Vilikuwa visahani sita vya kulinganishia, na seli zake zilipaswa kulala, zisiongezeke. Zilizotiwa maji yaliyokaa moto ndani ya chupa ya kunyonyeshea watoto ndizo zingeongezeka, iwapo plastiki inatoa kemikali inayoiga homoni ya kike. Sasa zote zimeongezeka sawa. Jaribio limekufa, na chupa inaendelea kuuzwa.

"Ni mama wa usafi," alisema Mkuu wa maabara. "Jumamosi alikuwa humu na sabuni zake. Saa nne nampa barua aondoke."

Mama wa usafi alikuwa mlangoni, ndoo mkononi. "Mwanangu, mimi nimedeki tu. Hilo kabati la joto mnamoweka visahani hata kulipangusa naliogopa."

"Sabuni huua seli, mama," Fundi alisema taratibu. "Hizi zimelishwa."

Alidondosha tone la maji ya magadi katika chakula kipya cha jaribio. Hakikubadilika. Akadondosha jingine katika kisahani cha nne. Kikageuka waridi.

"Chakula cha kawaida cha seli ni chekundu, na kina homoni. Cha jaribio hakina rangi wala homoni. Mtu amechanganya. Seli zikila, uchachu hugeuza wekundu kuwa manjano, ndiyo maana hatukuuona; magadi yameurudisha."

"Basi ni Miwani," alisema Mkuu. "Huyo na haraka ni pacha."

Miwani, mkemia, aliinua kichwa kutoka meza ya pili. "Jumamosi nilikuwa namzika shangazi, mzee. Ruhusa ulinipa wewe."

Fundi alifungua jokofu. Chupa tatu za chakula chekundu, walizogawana Ijumaa, kila moja na jina la mwenyewe. Kwao chupa hiyo ni kama mswaki: haiazimwi, usije ukamwambukiza mwenzako uchafu. Mbili zilikuwa na lakiri. Ya Mkuu ilikuwa imefunguliwa, imepungua kidole kimoja.

"Mzee, huna seli tangu mwaka jana. Nani amekula?"

Mkuu alilifunga jokofu.

"Ungechukua yangu, ningeshukiwa mimi. Hata kwenye hila, mkono wako ulikataa chupa ya mwenzio."

Mkuu aliketi. "Miaka miwili iliyopita niliipitisha chupa hii ya watoto iuzwe. Nilisaini bila kurudia jaribio. Kisha binti yangu akaniuliza, baba, nimnunulie mtoto ipi? Nikamtajia hiyo hiyo. Niliogopa majibu ya jaribio hili."

Mama wa usafi aliweka ndoo chini. "Ukaona wa kubeba ni mimi."

"Ndiyo."

Fundi alivifunga visahani vilivyoharibiwa ndani ya mfuko, akaandika saa juu yake, ushahidi kwa bodi ya maabara. "Seli mpya zitakuwa tayari kesho saa mbili. Majibu ni siku sita."

Mkuu alikuwa ameshampigia binti yake simu. "Mwanangu, hiyo chupa usimpe tena mtoto."

"Kwani ina nini, baba?"

Mkuu alimtazama Fundi.

"Mwambie hatujajua bado," Fundi alisema, akavuta visahani sita vipya na kuanza kuviandika tarehe ya kesho.