Mstari Ulioshuka Mjini

Haya yalitokea kwetu, ndani ya ofisi ya ardhi, ghorofa ya pili, chumba chenye kompyuta tatu na dirisha lisilofunga vizuri. Tulikuwa watatu: mjomba, yaani kaka wa mama yetu, aliyekuwa mkuu wetu; dada yangu; na mimi. Tulijenga kanzidata ya maporomoko ya ardhi ya mkoa mzima. Kila mteremko ulioporomoka au wenye nyufa tuliufuata kwa miguu, tukaupiga picha, tukarudi kuuzungushia mstari mwekundu kwenye ramani. Ndani ya mstari hapajengwi, na anayeishi humo anahamishwa. Mjomba alikuwa akitutania kwamba tumesoma miaka yote ile ili tuje kuchora kama watoto wa chekechea.

Nyumba ya mama, nje ya mji, ilikuwa chini ya mteremko mmojawapo. Nyufa za mteremko huo nilizipima mwenyewe. Ngumi yangu iliingia yote. Nikachora mstari. Mama, mbishi wa kuzaliwa, alisema, "Ramani ya kaka yangu ikisema nihame, nahama siku hiyohiyo."

Barua ya kuhama haikuja. Nikamuuliza mjomba. "Tulia, mwanangu," alisema, "nalishughulikia." Nikatulia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Asubuhi moja, baada ya mvua ya siku tatu, mlima ulishuka. Mama hatukumpata. Hata kiatu chake hatukukipata.

Niliporudi kazini nilifungua ramani. Mstari wangu ulikuwa umesogezwa ng'ambo ya bonde, kwenye kichaka kisicho na mtu. Kwa mama palikuwa peupe. Kumbe mjomba alishawagawia watu viwanja juu ya mteremko huohuo, na mstari ungemharibia mipango. Alimuuza dada yake wa tumbo moja, nami nikamwamkia kila siku!

Kesho yake ulitokea mstari mpya. Ulianzia kwa mama, ukafuata bonde, ukaingia barabarani. Penye jina la aliyeuchora palikuwa patupu. Mjomba akaomba ufutwe, dada akathibitisha, maana kwenye mfumo wetu mtu mmoja peke yake hawezi kufuta wala kusogeza kitu.

Asubuhi ukarudi, umesogea. Ukapita stendi. Ukapita shule. Mji wetu ni tambarare, hauna hata kichuguu. Mstari ulikuja tu.

"Nani anachora?" mjomba alininong'oneza. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Sijui, mjomba."

Ilikuwa kweli.

Kila alipoufuta alipata siku moja. Ijumaa ulifika kwenye geti lake. Jumamosi na Jumapili ofisi hufungwa. Jumatatu hakuja kazini, tukaenda kuvunja mlango. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Sebule safi. Jikoni safi. Chumbani kwake udongo ulifika darini, mbichi, umeshindiliwa.

Nilidhani yamekwisha. Jumanne mstari ulikata kona. Ulielekea nyumba ninayoishi na dada.

 Nikafungua kumbukumbu za mabadiliko, nikatafuta siku mstari wa mama uliposogezwa. Aliyeomba: mjomba. Aliyethibitisha: dada yangu.

Nilimwita, nikamwonyesha. Hakukana.

"Aliniahidi kiwanja," alinong'ona. "Nilidhani tutamhamisha mama baadaye, kimyakimya."

Huyu ndiye aliyenishika mkono msibani, akalia kuliko mimi. Tumelala chumba kimoja tangu utotoni. Nilimchukia hadi nikaogopa mikono yangu mwenyewe.

Leo nimeamka nikakuta udongo mbichi sakafuni. Umezunguka kitanda chake, mguu kwa mguu, kwa mstari mwembamba. Kitanda changu haukukigusa. Mlango tuliufunga kwa komeo, na komeo lilikuwa palepale.

Ameingia ofisini mbio, bila viatu, ameomba mstari ufutwe. Ombi limetokea kwenye skrini yangu. Tumebaki wawili tu humu. Mwenye kuthibitisha ni mimi.

"Mdogo wangu," ananong'ona nyuma ya kiti changu, "bonyeza. Nakuomba."

Nje jua linawaka. Pumzi zake nazisikia shingoni, zinanuka udongo.

Sijabonyeza.