Kona Ambapo Bendi Hupumzika

Baba alifariki siku ambayo makoti aliyoishonea bendi ya tamasha la jiji yalichukuliwa. Asubuhi kiongozi wa bendi alikuja na gari, akayapakia yote, akampa baba mkono wa shukrani. Baba akaketi kwenye benchi lake la kushonea, akaomba maji. Mama alipotoka jikoni na kikombe, baba alikuwa amekwisha kwenda.

Jioni ile mama alifungua sanduku la nguo kutafuta gauni lake la buluu lenye maua ya njano. Ndilo baba alilolipenda kuliko yote. Halikuwemo. Alitoa nguo zote, akazirudisha, akazitoa tena. Watu walipokuja kutupa pole, nilimwona akikagua mavazi ya kila mwanamke aliyeingia. Alimkagua zaidi Dada Bendeji.

Dada Bendeji ni jirani yetu. Amesomea huduma ya kwanza. Kila mwaka jiji likifanya tamasha la mitaani, yeye hukaa kwenye hema la huduma ya kwanza, akiwafunga vidonda walioanguka na kuwapa maji walioishiwa nguvu. Jina lake limetoka huko. Katika miezi yake ya mwisho, baba alikuwa akisimama sana mlangoni kwake. Alirudi akitabasamu. Mama akimwuliza walizungumza nini, alijibu, "Mambo ya kazi."

"Kazi gani?" mama aliniuliza baadaye. "Amemshonea nini yule?"

Nilianza kumsaidia kukunja nguo.

Tamasha likakaribia. Mama hakuwahi kuiona bendi ile ikiandamana. Mwaka mmoja yeye na baba walisafiri asubuhi ya siku yenyewe. Barabara zilikuwa zimefungwa. Basi likawashusha mbali, wakatembea, wakafika na kuwakuta wafagiaji wakiokota chupa. Baba alirudi akijilaumu njia nzima.

"Nataka kuyaona makoti yale," mama alisema. "Ni kazi yake ya mwisho. Nataka niyaone yangali mapya."

Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyejitolea kupanga safari. Siku moja aliingia amenyanyua simu juu.

"Shemeji, kazi imekwisha! Nimepata chumba. Tazama roshani hii. Wewe umekaa kwenye kiti, bendi inapita chini yako. Utawapungia mkono kama mke wa rais!"

"Picha nzuri mno," mama alisema. "Mwenyewe ni nani?"

"Ni mtu wa watu. Ila anataka tutume hela yote leo, wateja wanagombania. Tunaondoka alfajiri ya siku yenyewe, tarehe ile ile ya mwaka jana."

"Hodi," sauti ikaita mlangoni. Alikuwa Dada Bendeji. "Samahani, nimesikia. Sauti ya shemeji yako inafika mpaka kwangu."

"Na masikio yako yanafika mpaka kwangu," mama akamjibu.

Nilimpa kiti. Mama alinitazama kwa jicho kali, lakini nilikuwa nimekwisha kukisogeza.

"Msitume hela," alisema Dada Bendeji. "Mpigie kwanza. Mwulize barabara ya mbele ya nyumba yake inafungwa saa ngapi siku ya tamasha."

Baba mdogo akapiga, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Haifungwi hata kidogo, mkubwa wangu!" yule mtu alijibu kwa furaha. "Siku hiyo gari linakushusha mlangoni."

"Na bendi itapita hapo hapo?"

"Chini ya roshani kabisa!"

"Sasa bendi na magari vinapita pamoja vipi?" Dada Bendeji aliuliza.

"Halo? Halo?" Baba mdogo akaitazama simu. "Amekata."

"Kama maandamano yanapita, barabara lazima ifungwe," alisema Dada Bendeji. "Kama haifungwi, hakuna maandamano. Hajui hata nyumba iko wapi. Picha ameiokota tu mahali."

"Basi leo nilikuwa naliwa mzimamzima," alisema baba mdogo, akakaa chini.

Mama hakucheka. "Na sisi tutajuaje kwamba wewe huna chumba chako unachotaka kutuuzia?"

"Hamjui," alijibu Dada Bendeji bila kukasirika. "Kwa hiyo na mimi msiniamini kwa maneno. Nitakalowaambia, ulizeni kwingine. Anzeni na tarehe. Pigeni ofisi ya jiji."

Nilipiga mimi. Dada wa ofisini aliniambia kwamba mwaka huu tamasha limesogezwa mbele kwa wiki moja. Tungekwenda kwa tarehe ya baba mdogo, tungekuta mitaa mitupu. Nilimwomba anitajie pia barabara zitakazofungwa, nikaandika.

Dada Bendeji akaendelea. Alisema tufike siku moja kabla. Tulale nje ya eneo linalofungwa, lakini mahali ambapo mama anaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye tamasha. Kabla ya kulipia chumba, mtu tunayemjua akipitie na kukiona. Na tuchague mahali pa kukutana tukipotezana.

"Tutapigiana simu," alisema baba mdogo.

"Watu wote wanapiga simu wakati mmoja. Mtandao unazidiwa. Chagueni jengo. Msiseme 'kwenye gari jekundu', maana gari huondoka."

"Na jukwaa kuu?" niliuliza. "Si ndipo wanapocheza vizuri?"

"Ndipo watu wanapobanwa mpaka wanakosa hewa. Huko ndiko machela zangu hukimbilia. Mpeleke mama kwenye kona ya duka la dawa. Pana nafasi, na pana kichochoro cha kutokea. Hema letu liko hapo, na bendi husimama kunywa maji." Akamgeukia mama. "Marehemu aliniuliza sana habari za kona hiyo. Alisema anataka mke wake asimame pale wanapofungua vifungo."

"Vifungo!" Mama alisimama. "Mume wangu alisimama mlangoni kwako kuzungumza habari za vifungo?"

"Hata mimi sikumwelewa, dada yangu."

Mama aliingia ndani. Nilimsikia akifungua lile sanduku tena.

Hata hivyo tulifuata mpango. Binamu yake mama anayeishi mjini alipita kwenye nyumba ya wageni, akakagua kitanda, bomba na kitasa cha mlango, ndipo tukalipa. Tulifika siku moja kabla. Tuliitembea njia yote barabara zikiwa bado wazi, tukakubaliana tukipotezana tukutane kwenye ngazi za maktaba. Mama alivaa viatu vya kufunika vidole, akabeba maji na mwavuli. Mkoba aliubana kwapani, na kila aliyetusogelea alimwona mwizi.

Siku ya tamasha tulisimama kwenye kona. Dada Bendeji alikuwa mbele ya hema, amevaa fulana yake ya kung'aa. Mama alisimama mbali naye.

Ngoma zilisikika kabla ya watu kuonekana. Kisha wakatokea, makoti mekundu, mabega yamenyooka, hakuna mshono uliovuta. Mama alishika mkono wangu. Bendi ikafika kwenye kona, ikasimama. Jua lilikuwa kali. Wapiga tarumbeta waliweka vyombo chini, wakafungua vifungo ili wapate hewa.

Mmoja akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani kutoa leso. Mfuko ulikuwa wa buluu, una maua ya njano.

Yule wa pembeni yake pia. Na mpiga ngoma pia. Kila koti lililofunguka lilikuwa na maua yale yale, upande wa moyo.

"Gauni langu," alisema mama. "Amelikata gauni langu."

Nilidhani atalia. Alicheka, mkono mdomoni, machozi yakishuka hivyo hivyo. "Hata ruhusa hakuniomba, yule mzee!"

Bendi ilipoondoka, mama alikwenda kwenye hema. Alisimama kando ya Dada Bendeji, akainamisha mwavuli wake ukawafunika wote wawili.

"Umesimama juani tangu asubuhi," alimwambia. "Umekula?"

Wakati wa kuondoka tuligundua kwamba baba mdogo hayupo. Simu yake haikupatikana. Tulipita kile kichochoro bila kusukumwa na mtu, tukamkuta kwenye ngazi za maktaba, amepoteza kofia.

"Mmechelewa," alisema. "Nilianza kuwatilia shaka."

Tangu mwaka ule, mama huenda kila tamasha. Yeye mwenyewe hupigia ofisi ya jiji kuuliza tarehe. Mwaka huu mifuko miwili imechanika. Kiongozi wa bendi ameyaleta makoti hayo kwetu, na mama anayashona kwenye cherehani ya baba.